Miba ya Samaki wa Baba Mkwe

Mume wangu alipiga simu akiwa upande wa Zambia. Lori la mteja wake lilikuwa limezuiwa mpakani, asingeweza kurudi mchana ule. "Mpeleke baba kwa Mgiriki akale samaki," akasema. "Nilishamwahidi." Halafu akakata, kama vile ameniambia nikaanue nguo.

Mtu asiyetoka kwetu Ileje hatajua kwa nini niliganda na simu sikioni. Sisi Wandali, mke hatazamani na baba mkwe wake. Ukikutana naye njiani unajitanda kitenge, unampisha. Huli naye, humsemeshi, wala yeye hakusemeshi. Miaka yote ya ndoa yangu tulizungumza kupitia kwa mama mkwe. "Mwambie mkwe kuni zimelowa." "Mwambie baba chai iko tayari." Sauti yake naijua vizuri, ila uso wake ningeulizwa nisingejua niseme nini.

Sasa mama mkwe tulikuwa tumemzika, na tangu msiba mzee alikuwa akinywa uji tu, na uji wenyewe nusu kikombe. Alikuja Tunduma kupimwa macho, amekonda hadi koti linamcheza. Asubuhi ile, kwa mara ya kwanza, alitamka kwamba anatamani samaki. Mume wangu nusura alie. Ningemnyima vipi?

Tulikwenda kwa miguu, yeye mbele na fimbo yake, mimi nyuma mbali kidogo. Nilimwelekeza kwa kumuuliza kila muuza duka tuliyempita, kwa sauti kubwa, "Kwa Mgiriki ni kulia, eti?" Watu walinishangaa.

Kwa Mgiriki, mbele ni soko, nyuma ni meza. Samaki wamelazwa kwenye barafu, wa Ziwa Tanganyika na wa baharini wanaoletwa na malori, pamoja na pweza mmoja ambaye sikutaka kumwangalia mara mbili. Unachagua, anapimwa, anachomwa kwa limau na mafuta ya zeituni. Mwenyewe ni mtu mzima mwenye tumbo, amekulia Zambia, Kiswahili chake kimechanganyika na Kibemba.

"Mulishani, batata!" akamwamkia mzee kwa Kibemba, yaani hujambo baba. "Unataka samaki gani?"

"Mwambie mkwe wangu achague," mzee akasema, uso ukutani.

Nami nikamgeukia Mgiriki. "Mwambie baba, yule kuhe wa ziwani ana nyama nzuri."

Mgiriki alimtazama yeye, akanitazama mimi, akamtazama yeye tena. "Lakini anasikia! Si yuko hapa?"

"Mwambie," nikasisitiza.

Akamwambia. Kisha akatikisa kichwa, akaamini tumegombana, na akaamua kutupatanisha. Niliomba meza mbili, akatuweka meza moja. Niliomba sahani mbili, akaleta sinia moja, samaki mzima, na uma mbili. "Kwetu Ugiriki familia inakula hivi," akasema. "Hasira zinaisha." Tarishi wangu huyo akaenda zake jikoni, akaniacha.

Nilijitanda kitenge mpaka puani, nikageuza kiti nikaelekea kwenye friji. Akili ilinizunguka. Nikiinuka, ataona nimemkimbia. Nikikaa, mama yangu mzazi akisikia sitapata pa kuficha uso. Mzee alipapasa sinia, akatia kipande mdomoni, nikasikia anakohoa. Mwiba. Akatema, akajaribu tena, akakohoa tena. Kisha nikasikia uma unawekwa mezani taratibu, na mlio ule mdogo ndio ulionitisha kuliko kikohozi. Nyumbani, mama mkwe ndiye aliyekuwa akimtolea miba.

"Baba ameshiba?" nikaliuliza friji, maana hapakuwa na mwingine wa kumuuliza.

Halafu mzee akasema, sijui alikuwa anamwambia nani, "Mwambie mkwe wangu macho haya yamekufa. Sioni kitu. Hata akigeuka huku, mimi sijamwona."

Je, mwiko uko kwenye macho au uko kwa mtu? Nani wa kuniambia? Aliyekuwa akinifundisha mambo hayo tulikuwa tumemzika. Nikapiga moyo konde, nikageuza kiti. Kitenge kilinisumbua, nikakishusha mabegani. Nikachambua samaki kwa vidole, miba huku, nyama kule kwake, nikijidokolea na mimi kwa sababu njaa ilikuwa inaniuma. Alikula. Alimaliza upande mmoja, nikamgeuza samaki, akala na wa pili. Nilitaka kulia na nilitaka kucheka, sikujua kipi kianze.

Mgiriki alirudi, akatuona, akapiga makofi. "Umeona? Mmepatana!" Nikamwambia asante.

Nje jua lilikuwa kali. Nikajitanda tena kitenge changu kichwani, nikarudi nyuma yake, mbali kama tulivyokuja, nikijiambia kwamba yaliyopita ndani yamebaki ndani. Mzee alisimama kando ya barabara kusubiri lori lipite. Alikuwa amenipa mgongo.

"Mkwe," akasema. Hakumtuma mtu aniambie. "Futa kidevu. Kina mafuta."