Shemeji aliniambia diski imekufa, kumbe sauti za wale wamama zinatembea katika simu za watu

Admini, jina langu lifiche kabisa. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, nina bwana na watoto watatu, naishi Bukavu. Naandika nikiwa na hasira, na Kiswahili changu ni hiki cha kwetu, munivumilie.

Nafanya kazi na shirika dogo la kusaidia wanawake waliotendewa mabaya na watu wa silaha. Mwanamke anakaa mbele yangu, anaeleza yaliyompata, na akikubali narekodi sauti yake ili siku moja, mbele ya majaji, awe na ushahidi. Kila mmoja ninamwahidi: sauti yako haitatoka bila ruhusa yako. Vita vilipoingia tena mjini, ofisi yetu iliporwa. Walibeba mashini zote, yaani kompyuta, hata viti. Ikabaki laptop yangu tu, kwa sababu ilikuwa nyumbani. Sauti zote zikabaki humo.

Halafu ikaanza kuugua. Unaiwasha, unaenda kupika chai, unarudi bado inawaza. Ndani inalia tik, tik, tik. Fundi mmoja akaisikiliza, akasema diski ndiyo inakufa, nisiiwashe tena mpaka vitu vihamishwe kwenye diski mpya. Alinieleza naweza kuchukua ya aina ileile, yenye nafasi kubwa, ama SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka ndani: nafasi ndogo, lakini inafunguka haraka na haiogopi kutikiswa. Nilichagua SSD. Sisi watu wa Bukavu siku hizi tunaweza kukimbia saa yoyote, mizigo mgongoni.

Kabla sijarudi kwa fundi, uchungu wa uzazi ukanishika, nikapasuliwa. Shemeji yangu, mdogo wa bwana yangu, akaja kuniona hospitali. Ana kibanda katika mtaa wa Cimpunda, anawekea watu miziki na filamu katika simu.

"Shemeji, hiyo mashini niachie miye," akasema. "Nitakuwekea SSD ya muzuri, utaona vile itakimbia."

Nilimwambia mbele ya bwana yangu: "Uhamishe vyote bila kufungua hata kimoja. Na diski ya zamani unirudishie mukononi, hata kama imekufa."

"Hakuna shida, Shemeji."

Laptop ilirudi. Ilikimbia kweli, lakini ilikuwa tupu. Akasema diski ya zamani ilikataa kabisa, hakikutoka kitu, ameitupa. Nililia sana. Bwana yangu akasema nishukuru, nimepata mashini kama mpya. Nikajituliza nikisema, basi, angalau hakuna mtu atakayezisikia.

Mtoto alikuwa ameanza kukaa bila kushikwa wakati mama mmoja alipobisha kwangu. Nitamwita Maman Furaha, si jina lake. Alikimbia kutoka upande wa Minova, na ni mmoja wa wale niliowarekodi. Nilimpa kiti, akakataa.

"Mutoto yangu, nilikukosea nini?"

"Maman, kuko nini?"

"Bibi ya kijana yangu alinisikilizisha sauti yangu mu simu. Yote. Vile balinifanya, na jina ya ule mukubwa wao. Kijana yangu hakukuwa anajua. Sasa haniangalie tena mu macho."

Nilimuuliza mkwe wake aliipata wapi. Cimpunda, kwenye kibanda cha kuwekea miziki.

Nilifunga mtoto mgongoni nikateremka bila hata kubadilisha kitenge. Nilikuta wateja wamejaa. Diski yangu ilikuwa mezani, imevikwa kiboksi cha plastiki, waya umeingia kwenye kompyuta yake. Nikamwambia afungue. Sauti zote zilikuwemo.

Munajua alinijibu nini? "Ilikuwa ingali inapumua, Shemeji, ndo nikasema isipotee bure. Nilizani ni ushuhuda ya kanisa. Batu balikuwa banaipenda. Banasikiliza, banalia."

Banaipenda! Uchungu wa mama wa watu aliugeuza kiburudisho cha kuvutia wateja. Niliing'oa ile diski na waya wake. Nilimfokea mpaka barabara nzima ikajaa watu. Nilimuuliza amewapa nani, amewapa sauti zipi. Hajui. Hakumbuki. Alikuwa anacheka kidogo, ile cheko ya mtu anayengoja ukasirike uchoke.

Nyumbani bwana yangu hakumgombeza ndugu yake. Alinigombeza mimi. "Umemupatisha haya mbele ya batu!" Nilipomwambia nitazunguka kwa wale wamama kuwaonya, akashusha sauti. "Ule mukubwa alitajwa jina. Batu yake bako humu mu mji. Ukizunguka, batauliza ni nani alirekodi. Uko na mutoto wa kunyonya. Nyamaza, itapita."

Kinachonichoma ni kwamba kuhusu hatari hasemi uongo. Mkubwa wangu wa kazi alikimbilia nje, simu yake haiingii. Polisi tuliyoijua haipo. Lakini itapita kwa nani? Maman Furaha ameshahama, hakuniaga. Wengine wanaenda sokoni, wanarudi, wanalala nyumba zilezile, hawajui kwamba maneno yao yanasikilizwa. Bwana yangu alikuwepo nilipotoa lile agizo hospitali. Alisikia kila neno. Leo anataka wanawake wale walipe, ili yeye na ndugu yake wasiaibike.

Ameniambia nikitoka kwenda kwa wale wamama nisirudi kwake. Nimeshafunga nguo za mtoto.

Kwa hiyo ninyi munaosoma, wale wa kuniambia "samehe, ni familia," mupite tu. Sitaki ushauri wa kwenda ama kutokwenda. Naomba mwenye moyo anisaidie hili moja: nikifika mlangoni kwa mama aliyeniamini, akinifurahia, akinipokea mtoto, naanza na neno gani?