Washington Wawili, Jogoo Mmoja

Mimi nimefika mahali hakuna kitu kinaweza kunishangaza. Shule niliacha darasa la tano, na leo nina malori matatu yanayobeba mahindi kutoka Rongai. Wenye digrii hunipigia simu kutafutia watoto wao kazi. Lakini nikisikia harufu ya manyoya ya kuku yakichomwa, narudi mara moja kwenye nyumba yetu ya wafanyakazi wa reli hapa Nakuru, mtoto mgonjwa chini ya koti la baba.

Homa ilikuwa imekataa kutoka. Kliniki nilipelekwa, vidonge vichungu nikameza, na bado nilitetemeka. Ndipo Kukhu, mama yake baba, akafika kutoka magharibi na jogoo kwapani. Kwao, mtoto akiugua hivyo, ni mwenye jina anataka kutambuliwa. Unamtaja marehemu, unamchinjia jogoo, anatulia. Shida ni kwamba baba alikuwa ameniita Washington.

"Huyu Washington ni wa ukoo gani?" Kukhu aliuliza.

"Mama, ni rais wa kwanza wa Amerika. Jenerali."

Jirani yetu, fundi wa injini, alikuwa mlangoni anakunywa chai yetu. "Usimdanganye mathe. Washington wa maana ni yule mwalimu mweusi aliyejenga shule huko huko. Kijana wangu nimemwita huyo."

"Kumbe ni wawili." Kukhu akaketi. "Jenerali alikuwa na nini?"

"Shamba kubwa," baba akasema.

"Nani alikuwa analima?"

Baba akakohoa. "Watumwa."

"Na mwalimu?"

"Alizaliwa mtumwa," jirani akajibu, akijiongezea sukari.

Kukhu alinitazama kama mtu anayetazama sufuria inayovuja. "Mmeweka tajiri na mtumwa kwa kifua kimoja, halafu mnauliza mbona mtoto anatetemeka."

Jogoo alikuwa mmoja, na baba hakutaka kumwachilia jenerali. Kukhu akaniinamia, akaniambia nichague mwenyewe. Nikauliza nani kati yao alikuwa na farasi. Baba alijibu kabla jirani hajameza chai. Basi jenerali akachinjiwa, mwalimu akaombwa kwa heshima ahamie nyumba ya pili, kwa kijana wa jirani, mimi nikanywa supu. Kesho yake homa ikashuka. Baba alimshukuru jenerali. Vidonge havikushukuriwa na mtu.

Huyo jenerali nilitembea naye miaka mingi. Nilisukuma mkokoteni wa vitunguu, nikalala juu ya magunia, na siku niliponunua lori la kwanza nikamchoresha mlangoni, kifua mbele.

Juzi binti yangu, anayesoma historia chuo kikuu, akaniambia yule mwalimu hakupewa jina hilo na mtu. Siku ya kwanza darasani alisikia wenzake wakiitwa majina mawili, na yeye ana moja tu. Zamu yake ilipofika, akajitajia Washington, akakaa chini.

Mimi nikamfikiria yule jenerali, aliyezaliwa jina likimngoja pamoja na shamba na wa kulilima. Mimi baba hakuniachia hata jembe. Kukhu aliniuliza swali la haki kabisa, nami nikamjibu kitoto, na ule upande usio wangu nikauzungusha barabarani kwa lori langu mwenyewe.

Nikalipeleka lori kwa mchoraji kule Kaptembwo. "Boss, huyu mzungu ametoka vizuri. Unamfuta kwa nini?"

"Wewe chora mwalimu."

Alitaka elfu ishirini. Tukapatana kwa shilingi elfu kumi na nne, mia tano.