Kulasi Isiyokuwa Yangu

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, nilishika kipande cha chuma mkononi, na mkono ukaniambia kwamba leo naweza kufa.

Mji wetu ulikuwa bado unaitwa Élisabethville, jina walilotuwekea wakoloni. Mimi nilikuwa kijana aliyekwisha kuoa, nina binti mdogo aliyekuwa ndiyo kwanza anatambaa, na nilikuwa fundi katika karakana ya bunduki ya mzungu mmoja. Jina lake la kwao lilitushinda, basi tulimwita Bwana Funguo, kwa sababu ya funguo zilizokuwa zikilia kiunoni mwake kila alikopita. Kazi ile nilitafutiwa na Baba Mukubwa Kasongo, kaka yake marehemu baba yangu. Yeye alikuwa fundi wa mbao pale pale, ndiye aliyechonga vitako vya bunduki. Alikuwa mtu wa maneno makali na ugoro mwingi, na tangu baba alipofariki ndiye aliyenilea, akinigombeza na kunilisha kwa mkono ule ule.

Mwaka ule injinia mmoja wa mgodi aliagiza bunduki ya mashindano ya shabaha. Si ya kuwindia swala, la. Ilikuwa ya kupigia karatasi iliyobandikwa mbali sana, mbali hata jicho tupu halioni lile duara jeusi la katikati. Bunduki ya namna hiyo, mwanangu, hununui dukani ikiwa nzima. Unaichagua kipande kwa kipande, kisha unavizoesha vipande vile kuishi pamoja. Bwana Funguo akanitazama juu ya miwani yake, akasema, “Ngoy, weye chagula. Miye nitaangalia tu.”

Usicheke, lakini usiku ule nilimweleza mke wangu habari ya vyuma mpaka akalala. Nilichagua mtutu mzito, kwa maana mtutu mwembamba ukishapata moto huanza kutupa risasi unapotaka wenyewe. Nikachagua kifyatulio chepesi ambacho kidole kinakigusa tu, na kilengeo chenye tundu dogo la kuchungulia. Kitako kilikuwa kazi ya Baba Mukubwa. Akakataa mbao nzuri ya Ulaya iliyokuwa imelala stoo, akachukua mbao ya mulombwa, mti wa kwetu. “Ile mti haiyue kiangazi ya huku,” alisema, “itapasuka.” Bwana Funguo hakubisha, maana yeye mwenyewe alikuwa amepasukiwa na vitako kabla ya hapo.

Kikabaki kile kipande tulichokiita kulasi. Ni chuma kinachoingia kwa nyuma, kikaifunga risasi ndani ya mtutu kama komeo la mlango. Uso wa anayepiga uko karibu nacho kuliko kitu kingine chochote. Kulasi ile niliisugua kwa mafuta na unga laini wa kusagia, majuma kwa majuma, mpaka ikakaa mahali pake barabara. Bwana Funguo aliipima kwa kipimo chake cha chuma, akaridhika, akanipiga bega.

Sasa nikueleze jambo moja, maana bila hilo hutaelewa kwa nini niliogopa. Kila jioni, kabla hatujatoka, tulikuwa tunazichomoa kulasi zote kutoka katika bunduki zote. Bwana Funguo alizitia katika mfuko wa kitambaa, akazifungia katika kabati la chuma. Bunduki isiyo na kulasi ni fimbo tu. Alikuwa anatuogopa, mwanangu. Mchana tulimtengenezea silaha, jioni akawa na wasiwasi tusije tukazishika zikiwa nzima. Asubuhi alizigawa yeye mwenyewe kwa mkono wake, na hakuna mtu mweusi aliyeruhusiwa kuugusa mfuko ule. Kulasi za zamani zilikuwa na namba. Yangu ilikuwa bado mpya, na desturi ya karakana ilikuwa kwamba namba hugongwa baada ya risasi ya kwanza.

Asubuhi ya kwenda kuijaribu bunduki, alinipa kulasi, nikaiingiza, nikaifunga.

Ilijifunga yenyewe.

Yangu ilikuwa na ukaidi kidogo mwishoni, ilitaka isukumwe na kidole gumba ndipo ikubali. Hii ilianguka mahali pake bila kuombwa. Niliifungua, nikaifunga tena. Ilifanana na yangu kwa kila kitu, lakini haikuwa yangu, na mahali pale ambapo panatakiwa pasiwe na nafasi hata ya karatasi, palikuwa na nafasi. Kulasi ikiacha nafasi nyuma ya risasi, ganda linaweza kupasuka, na moto wote uliotakiwa kwenda mbele ukarudi nyuma kwenye macho ya mtu.

Utaniuliza, kwa nini hukusema? Subiri. Miezi michache kabla ya hapo, mwenzetu mmoja aliyeitwa Mutombo alisema asubuhi kwamba kulasi aliyopewa si yake. Akaulizwa: kama hii si yako, yako iko wapi? Polisi walimchukua mbele yetu, kwa sababu kulasi iliyopotea kwa mtu mweusi ilikuwa ni bunduki inayotafutwa. Aliporudi mtaani alikuwa hawezi kukaa kitako, na kazini hakurudi tena. Mimi nilimwona mgongo wake, mwanangu. Nilimwona nikafunga mdomo.

Basi nikaibeba ile bunduki mpaka kwenye gari, nikaketi nyuma pamoja na Baba Mukubwa. Tulielekea njia ya Kipushi, mahali ambapo wazungu walikuwa na uwanja wao wa shabaha. Karatasi za kupigia zilibandikwa mbele ya kichuguu kikubwa kirefu kuliko nyumba, ili risasi zimezwe na udongo. Injinia alikuwa amefika tayari, amekaa ndani ya gari lake kwa sababu ya baridi kali ya asubuhi za kiangazi kwetu, anavuta sigara.

Desturi yetu ilikuwa moja: aliyeiunganisha bunduki ndiye analala nyuma yake kwa risasi ya kwanza. Hakuna kamba ya kuvutia kifyatulio kwa mbali, hakuna kujificha. Bwana Funguo alisema hiyo ndiyo inayomfanya fundi awe makini. Kwa hiyo ule uso uliokuwa unangojewa pale ulikuwa wangu.

Nilitandika turubai. Nikamwomba Maria moyoni, maneno yakachanganyika, nikayaanza upya yakachanganyika tena. Nilijiambia huenda haitapasuka. Nilijiambia nitafumba jicho. Mambo gani hayo mtu anajiambia! Magoti yalikuwa yanacheza ndani ya suruali, na Baba Mukubwa akayaona.

“Ngoy, juu ya nini unatetemeka?”

“Haiko kitu, Baba. Baridi tu.”

Akadhani naogopa ule msukumo wa bunduki begani, au naogopa kumwaibisha mbele ya wazungu. Akafunga kopo lake la ugoro, akalitia mfukoni.

“Toka pale,” akasema. “Kitako nilichonga miye. Leo nitapiga miye.”

Bwana Funguo akainua mabega, kwake ilikuwa sawa. Na yule mzee, mwanangu, akapiga magoti polepole, huku akiguna kwa sababu ya kiuno chake, akalala kwenye turubai langu. Akavuta bunduki, akaitia risasi. Akaweka shavu lake juu ya ule mulombwa. Niliona ndevu zake nyeupe zikigusa mbao, na kulasi iko pale pembeni ya jicho lake, imetulia, imefungwa.

Nilitaka kusema. Niliuona mgongo wa Mutombo, nikamwona binti yangu anatambaa, nikaona kidole cha Baba Mukubwa kinaingia kwenye kile kifyatulio chepesi nilichokichagua mwenyewe. Ndipo nikajikuta nimemrukia miguuni, nimemvuta, napiga kelele, “Acha! Baba, acha! Hii kulasi haiko yangu!”

Injinia akafungua mlango wa gari. Bwana Funguo akaja kwa haraka, uso mwekundu, funguo zinalia.

“Unasema nini, weye?”

“Haiko yangu, Bwana. Minaijua yangu. Hii inafungika bila nguvu.”

Nilingoja kofi. Halikuja. Alinyang’anya bunduki, akatoa risasi, akafungua mkoba wake wa ngozi na kutoa kile kipimo cha chuma. Kipimo kile hufanana na risasi, ila kimezidishwa urefu kidogo sana, na kulasi iliyo sawa hukikataa: haikubali kufungika. Akakiingiza. Akasukuma. Kulasi ikafungika mpaka mwisho, bila kelele.

Nilikuwa sijawahi kumwona mzungu akiogopa kwa karibu namna ile. Rangi yote ilimtoka. Akasimama akiitazama mikono yake, kisha akasema, kwa sauti ndogo, kwamba alfajiri alikuwa amempa mteja wa Kipushi bunduki ya aina ile ile, nayo mpya bila namba, maana mteja alitaka kuipiga mwenyewe kwa mara ya kwanza. Alizichanganya mwenyewe, ndani ya ule mfuko wake asiotaka tuuguse. Na kule Kipushi kulikuwa na mtu mwingine ambaye shavu lake lilikuwa linakaribia bunduki isiyo na kulasi yake. Bwana Funguo akaingia kwenye gari akaondoka, vumbi likafunika barabara.

Tukabaki tunangoja. Hatukujua kama atarudi na kulasi au na polisi, au na habari ya maiti. Injinia alijifungia ndani ya gari lake. Baba Mukubwa alikuwa amekaa kwenye turubai, anafungua kopo la ugoro kwa nguvu. Ugoro ukamwagika. Nilikuwa nangoja anishukuru, mwanangu. Nilikuwa kijana, nilidhani nimemwokoa mtu.

“Ulijua tangu asubui?” akaniuliza.

“Njo, Baba,” nikakubali.

“Na wakati ulikuwa unataka kulala pale weye mwenyewe, ulikuwa utasema?”

Nikainama kukusanya ugoro uliomwagika.

“Jibu.”

“Hapana, Baba.”

Alinigeukia, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi ya hasira.

“Basi uso yangu iko uso, na yako iko nini? Nani alikuambia yako iko ya bure?”

Akaupangusa ugoro magotini mwake, akaendelea.

“Ungekufa pale, Ngoy, ningemwambia bibi yako nini? Ningesema bwana yako alikufa juu ya nini? Juu ya kuogopa kuulizwa? Woga ya ile bunduki ilikuwa woga ya kweli, ilikuambia bien, sawasawa. Ukaifunga kinywa juu ya woga ya muntu. Ukachagua vyuma vyote, muzuri kabisa, mwisho ukajitupa weye mwenyewe.”

Akanipa kisogo. Hakunigusa, hakuniambia pole. Hakuna fimbo iliyowahi kuniuma kama maneno yale. Maana yalikuwa kweli: nilikuwa tayari kulala pale na kupasuliwa uso, kimya kimya, kwa adabu, ili mtu mwingine asikasirike.

Bwana Funguo alirudi jua likiwa limepanda. Alimkuta yule mteja mezani, bado anakunywa kahawa, bunduki imeegemea ukuta. Akanipa kulasi, safari hii ilikuwa yangu, niliijua hata kabla ya kuiingiza. Hakuomba radhi. Alisema tu, “Endelea.”

Nami sikuendelea. Nilipiga magoti pale, nikamwomba kipimo. Akasita. Nikabaki nimenyoosha mkono. Akanipa. Nikaingiza, nikasukuma, kulasi ikakataa. Nikatoa, nikarudia. Injinia akapiga honi kwa kukosa subira, mimi nikarudia tena. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliwafanya wazungu wangoje kwa ajili ya uso wangu, na jasho lilinitoka kama nimefanya dhambi. Kisha nikalala, nikapiga, na kwenye kichuguu vumbi likaruka.

Mwanangu, sijakuita hapa nikufundishe bunduki. Naambiwa Jumatatu unaanza kazi ya kushuka katika mashimo ya mgodi huko Ruashi, na naambiwa wewe ni kijana mtulivu, usiyemsumbua mkubwa wako. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Nguzo inayoshikilia paa la shimo ikilia juu ya kichwa chako, mtasema wote kama mko watu kumi, kila mmoja atapiga kelele kwa ajili ya mwenzake. Lakini siku watakapokutuma peke yako, na moyo wako ukakataa, utaanza kujiambia maneno kama yale niliyojiambia mimi: huenda haitaanguka, nitafanya haraka, nisije nikaonekana mwoga. Siku hiyo sema. Simama mlangoni useme hata kama sauti inatetemeka, hata kama watakucheka, hata kama watampa mwingine kazi hiyo, na huyo mwingine umwambie vile vile. Usingoje mpaka awe ni mtu unayempenda ndiye amelala mahali pako. Wewe nawe unapendwa. Kuna watu watakaokulilia, na mmoja wao ni mimi, mzee ninayekusumbua kwa maneno marefu.

Njoo karibu, inamisha kichwa. Mungu Baba aliyekuumba akutazame kila unapoingia na kila unapotoka. Akupe masikio ya kusikia hofu iliyo ya kweli, akupe na kinywa cha kuitamka. Mikono yako ishibe kazi, nyumba yako ishibe watoto. Na kila jioni, mwanangu, uso huu urudi nyumbani ukiwa mzima.