Siku Mjomba Wako Alipoitangaza Bunduki ya Babu

Ipo siku moja ambayo huikumbuka, mwanangu, kila ninapokuona umeinamia simu ukijibizana na wenzako wa lile kundi la wapenda bunduki. Sikukatazi. Babu yako, baba yangu mzazi, alizipenda bunduki kama wengine wanavyopenda mpira, naye alikuwa mpole kuliko wanaume wote niliowajua. Alikuwa na yake moja, yenye leseni, aliyolindia mahindi yetu kule kijijini Mbuji nguruwe pori wasiyamalize. Jumapili baada ya misa alikaa na marafiki zake wakibishana bunduki ipi ni bora, mpaka chai inapoa vikombeni.

Alifariki miaka ile ya soko huria, wanunuzi binafsi wa kahawa wamejaa Mbinga, na intaneti ndiyo kwanza imefika mjini. Bunduki ikabaki ndani ya sanduku, chumbani kwa mama. Mama akakosa usingizi.

"Wanangu, kiondoeni kitu hiki," alituambia. "Kila nikiliona sanduku namwona baba yenu anaifuta."

Mjomba wako Osmund alikuwa amesikia habari za jukwaa la mtandaoni ambako wawindaji na wenye bunduki huzungumza. Tukaenda mjini pamoja, tukakaa mbele ya kompyuta, akaandika mwenyewe kwa kidole kimoja: bunduki ya marehemu baba inauzwa, iko nyumbani Mbuji, mama yuko peke yake, anayeitaka aje. Aliandika kwa nia safi kabisa, maskini. Alidhani anazungumza na watu kama marafiki wa baba.

Tukaenda kunywa uji. Tuliporudi tukakuta majibu. Wa kwanza alikuwa amemcheka: "Mshamba wewe, bunduki ni mbuzi mpaka uitangaze? Subiri pingu." Wengine wakamfuata, kila mmoja na kejeli yake. Osmund aliona haya hata masikio yakawaka.

Chini yao palikuwa na mtu mwenye maneno matamu. "Achana na hao wenye dharau, ndugu yangu. Mimi naichukua. Mambo ya karatasi hayana haja. Niambie tu nyumba ya mama iko upande gani."

"Huyu ndiye mtu," Osmund akasema, akaanza kutafuta herufi za kumjibu.

Nikamshika mkono. "Kaka, ngoja. Kuna mwingine bado."

Huyo wa mwisho alijitambulisha kuwa mzee wa kijiji cha Kingerikiti. Aliandika polepole, ungedhani anaongea: "Mwanangu, pole sana kwa kufiwa na baba. Kwanza mwombe msimamizi wa jukwaa aufute ujumbe wako, maana umewaonyesha watu usiowajua mahali mjane anapoishi na bunduki. Pili, hiyo bunduki usiiuze wala kumpa mtu. Leseni ilikuwa ya baba yako, wewe huna. Nendeni polisi mkaseme amefariki, wataichukua na kuwaelekeza. Mkiogopa kwenda wenyewe, nitakuja niwasindikize." Kisha akawageukia wale waliocheka: "Wenzangu, huyu amekuja na msiba. Mngemwelekeza kwanza. Mtu akifukuzwa kwa matusi hapa, atapokelewa na nani?"

Osmund akanung'unika. "Huyu mzee anataka kutupeleka ndani."

"Kaka," nikamwuliza, "katika wote hao, nani ametupa pole?"

Akayasoma upya majibu yote, moja baada ya jingine. Halafu akamwandikia msimamizi aufute ujumbe. Kwa yule wa maneno matamu, Osmund hakuandika kitu.

Tukaenda polisi. Mkuu wa kituo alitusikiliza, akatukemea kidogo kwa kuchelewa, akatupa askari wawili twende nao nyumbani. Walipofungua sanduku, mama akaomba kitu kimoja tu: aifute mara ya mwisho. Askari akahakikisha haina risasi, akamwachia. Mama akachukua kitambaa cha baba, akafuta kitako cha bunduki taratibu, machozi yanamdondoka, na wale askari wakasimama wametulia kama watu walio kanisani.

Wiki iyo hiyo wanaume wawili wageni walipita kijijini wakiulizia nyumba ya mjane mwenye bunduki. Majirani wakawaambia iko polisi. Wakaondoka bila hata kuaga. Usiku huo Osmund alilala sebuleni kwa mama, wala hakuna aliyemwuliza sababu.

Mzee wa Kingerikiti alikuja kweli, ingawa kazi ilikuwa imekwisha. Alileta usipa mkavu, vile vidagaa vya ziwani, akakaa na mama wakazungumza habari za marehemu ambaye hakuwahi kumwona. Ndiye aliyemweleza Osmund namna ya kuomba leseni yake mwenyewe, kuanzia serikali ya kijiji mpaka polisi. Ilichukua muda, lakini leseni aliipata, akawa na bunduki kihalali, na mahindi ya mama yakalindwa.

Basi, mwanangu, ongea na wenzako upendavyo. Lakini usiandike mahali bunduki ilipo wala nani yuko nyumbani. Anayekwambia kibali hakina haja, mwache hapo hapo, hata akikuita ndugu. Kununua na kuuza kupitie polisi, na usilolijua kaulize kwao kabla hujatoa ahadi. Na akija mgeni na swali la kijinga, usimcheke. Msalimie, mweleze sheria kwa upole, maana hujui ametoka kuzika nani.

Mungu akulinde wewe na mikono yako. Akupe ulimi wa kutuliza watu, na nyumba ambayo mama anaweza kulala usingizi. Nenda na amani, mwanangu.