Siku Nilipofukuzwa Sokoni na Binti Yangu

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne na sioni aibu kulisema. Yaliyobaki nimefundishwa na viazi. Nilianza kwa kubeba magunia ya watu soko la Mbalizi, nikaja kuuza ya kwangu, na sasa kwa miaka mingi mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya usuluhishi pale sokoni. Aliyeibiwa kabichi, aliyepunjwa kwenye debe, aliyetukanwa mbele ya wateja, wote hupita kwenye benchi langu kabla ya kufikiria polisi. Kwa hiyo binti yangu wa mwisho alipochaguliwa chuo kikuu kule Iringa kusomea sosholojia na haki jinai, nilishangaa anafuata nini mbali wakati haki jinai yote iko hapa nyumbani.

"Ukimaliza unakuwa askari?" nikamwuliza.

"Hapana, baba."

"Hakimu?"

"Hapana."

"Basi unakuwa mwizi msomi."

Mama yake akaweka mwiko chini. "Mwache mtoto. Wewe kitu usichokijua unaona hakipo duniani."

Kila likizo alirudi na maneno mapya. Nikisema fulani ni mwizi, yeye anasema, "Uliza kwanza kwa nini ameiba, baba." Namwambia kwa nini tutauliza kabichi ikisharudi. Tulibishana mpaka ugali unapoa, na niseme ukweli, nilifurahia. Pale sokoni hakuna anayethubutu.

Mwaka wa tatu akaja na begi la karatasi. Alitakiwa kufanya utafiti wake wa mwisho: namna watu wa soko wanavyomaliza kesi za wizi bila kwenda polisi. Alikuwa na siku tisa za kuhoji watu ishirini. Asipowapata, wenzake wanavaa joho na yeye anangoja mwaka mwingine mzima. Niliona anavyokula, anamega tonge halafu analisahau mkononi.

"Watu ishirini tu?" nikamwambia. "Kesho unawapata wote."

Asubuhi kukiwa na manyunyu, nikatoa benchi la kamati, nikakaa upande huu, yeye upande ule na karatasi zake. Nikamtuma mpagazi mmoja mwenye sauti nene awaite watu, mmoja mmoja. Sasa, sokoni kwetu kuna utaratibu, na ni mimi niliyeuweka, lakini siku hiyo haukunijia kichwani: hakuna anayeitwa kwenye benchi lile kwa heri. Ukiitwa, umeshtakiwa.

Wa kwanza alikuwa mama muuza ndizi. Alikuja amekaza khanga kiunoni.

"Shikamoo, mama," binti yangu akamwambia. "Umefanya biashara hapa kwa miaka mingapi?"

Yule mama akanitazama mimi. "Mwenyekiti, siku hiyo nilikuwa msibani Iyunga. Waulizeni hata majirani."

"Siku gani, mama?"

"Hiyo hiyo mnayoisema."

Akaja mzee wa maharage. Akaulizwa kama amewahi kuibiwa. "Sijawahi kuibiwa, sijawahi kuiba, na mizani yangu ilikaguliwa," akajibu, tena amesimama. Wa tatu alifika na mashahidi wawili. Wa nne akatoa hotuba, kwamba kamati ni nzuri, mwenyekiti ni mzuri, amani imetawala. Halafu kila mmoja alitakiwa kusaini karatasi ya kwamba amekubali kuhojiwa, nao wakaitazama kalamu kama wanatazama nyoka. Nikawaambia, "Saini!" Wakasaini.

Mpaka mchana tulikuwa na watu saba. Nikajinyoosha. "Umeona kazi inavyofanywa?"

Akazikunja zile karatasi taratibu. "Baba, hizi siwezi kutumia hata moja."

"Kwa nini? Si wamejibu?"

"Wamekujibu wewe. Na hiyo saini inatakiwa iwe ya mtu aliyekubali kwa hiari yake."

"Si ndiyo nimewasaidia kuwa na hiari?"

Hakucheka. Macho yalikuwa yamemjaa maji. "Zimebaki siku nane. Nakuomba, baba, usionekane sokoni mpaka nimalize."

Mimi! Soko ambalo nimelijua tangu lina mabanda manne! Nilirudi nyumbani nimevimba. Mke wangu akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Wewe si una safari ya Ilula kuangalia nyanya?"

"Sina safari yoyote."

"Unayo. Kesho asubuhi."

Nikaenda. Nikafikia kwa rafiki yangu wa zamani, tuliyebeba magunia pamoja, ambaye sasa anauza nyanya pale barabarani. Wiki nzima nilikaa kwenye kreti nikiwatazama wasafiri wakishuka kuchagua nyanya, roho yangu iko Mbalizi. Kila jioni nikampigia simu binti.

"Wanasemaje?"

"Wanaongea vizuri, baba."

"Kuhusu mimi wanasema nini?"

"Siwezi kukwambia. Nimewaahidi."

"Mimi ni baba yako!"

"Ndiyo maana."

Rafiki yangu alicheka mpaka akaangusha nyanya. "Mzee mwenzangu, leo umekutana na kamati kubwa kuliko yako."

Niliporudi nilikuta amepata watu ishirini na wawili. Hakumwita mtu. Alikuwa anakaa nao kwenye meza zao, anawasaidia kuchambua maharage, na maneno yanakuja yenyewe. Karatasi alizifungia kwenye sanduku la bati, ufunguo shingoni. Nilimbembeleza, nikamkaripia, nikajisingizia hata ugonjwa wa moyo. Hakutoa hata jina moja. Usiku ule niliudhika, asubuhi nikaamka nina kiburi kipya. Kwenye kamati yangu wapo wanaotoa siri kwa kikombe cha chai. Huyu amemnyima hata baba yake mzazi.

Siku ya kuitetea kazi yake nilipanda basi mpaka Iringa, nikangoja nje kwenye ngazi, upepo wa kule unakata masikio. Akatoka anakimbia, ameinua mikono. Amefaulu! Akanifungulia kitabu cha utafiti wake na kunitafsiria sehemu moja, maana kimeandikwa Kiingereza: mahojiano saba ya mwanzo yalitupwa kwa sababu mwenye mamlaka alikuwepo na watu hawakuwa huru kusema.

Sasa kitabu hicho kiko sebuleni. Kila mgeni anayeingia, kabla hajakaa sawasawa, namfungulia ukurasa ule. Mke wangu hukereka.

"Unajisifu kwa ukurasa unaosema umeharibu kazi ya mtoto?"

"Ndiyo," namjibu. "Hebu nitajie mwingine hapa Mbalizi aliyeingia kwenye kitabu cha chuo kikuu na darasa lake la nne."

Bado hajamtaja.