Abiria Aliyesafiri kwa Jina Langu

Ni nani aliyekuwa akiruka angani kwa jina langu?

Swali hilo nilirudi nalo nyumbani kutoka kanisani, kijijini kwetu Rugu, Jumapili moja ya Septemba 1995.

Mwalimu Yustus ndiye aliyenisimamisha nje ya kanisa, watu wakiwa bado wanasalimiana.

"Deodatha, siku hizi unaringa. Juzijuzi nakuita ndegeni, hata kugeuka hugeuki."

"Shikamoo, Mwalimu. Ndege ipi?"

"Marahaba. Ya Mwanza kwenda Dar. Wenzetu wa daraja la mbele mnakula kuku, sisi huku nyuma tunatafuna karanga. Mhudumu kakuita kwa jina lako lote, Deodatha Rwegoshora. Nikaona kofia tu, na bega la Gaudiosus pembeni yake."

Sikuwahi kupanda ndege maishani mwangu.

Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, Dar es Salaam. Safari yangu ilikuwa basi hadi Bukoba, meli hadi Mwanza, kisha treni daraja la tatu, magoti yangu yakigusana na ya watu nisiowajua.

Gaudiosus alikuwa mchumba wangu. Mahari ilikwishapokelewa, na harusi ilipangwa kufungwa Januari.

Alikuwa mnunuzi wa kahawa wa kampuni moja pale mjini Kayanga. Kwa kuwa alisafiri mno, kampuni ya ndege ilimpa kadi ya mteja wa kudumu. Kadi hiyo ilimruhusu kumhamisha mwenza wake kutoka viti vya kawaida hadi daraja la mbele bila nyongeza. Mwenza mmoja tu, aliyeandikishwa kwa jina. Nafasi hiyo haikuruhusiwa kuuzwa.

Jina aliloliandikisha lilikuwa langu. Aliniambia mwenyewe, kwa fahari.

"Subiri tufunge ndoa. Utapanda mpaka uchoke."

Basi nikasubiri. Na mwenye kofia akapanda.

Sikujua kwamba wivu una mikono. Ulinikaba nikiwa namenya ndizi jikoni, ukanikaba nikiwa nasali. Nilimtengeneza mwanamke yule kiungo kwa kiungo: shingo ndefu, viatu vya kisigino, kicheko laini. Nilimpa sauti nzuri kuliko yangu. Nilimwona akimegea mchumba wangu kuku kwa vidole vyenye rangi.

Dada yangu Kokuberwa hakunisaidia.

"Maskini mdogo wangu. Deodatha wa angani anapewa juisi kwenye glasi. Deodatha wa Rugu ana utomvu wa ndizi mpaka kwenye viwiko."

"Dada, nyamaza."

"Nimenyamaza. Ila ningekuwa wewe, ningekwenda kumwona."

Nilikwenda.

Siku ya kurudi chuoni, meli ilipotia nanga Mwanza, sikuelekea stesheni ya treni. Nilielekea uwanja wa ndege na begi langu kichwani, kwa maana nilizijua siku za safari za Gaudiosus.

Nilimkuta amesimama mbele ya kaunta. Pembeni yake alikuwa mama mmoja mnene wa makamo, amejifunga vitenge viwili, miguu imemvimba ndani ya kandambili.

Karani akasoma tiketi. "Deodatha Rwegoshora?"

"Ndiye mimi, baba," akajibu yule mama.

Nikasikia sauti yangu mwenyewe. "Hapana. Ni mimi."

Gaudiosus aligeuka.

Yule mama alinitazama kwa huruma ya mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Binti, na wewe amekuuzia nafasi ya leo? Basi kakosea. Ya leo ni yangu. Mimi ni Costansia, nauza vitenge Bukoba. Tiketi ya kawaida nimekata mwenyewe kwa jina alilonipa, na hiki kiti cha mbele nimemlipa yeye. Safari iliyopita alikaa wifi yangu, mpenda kofia. Wewe subiri zamu yako."

Zamu yangu.

Nilikuwa nimekuja kumtafuta mshindani mmoja. Nikakuta foleni.

Karani alisikia kila neno. Alimwita mkubwa wake, na mkubwa akaichukua kadi mkononi mwa Gaudiosus. Safari zote alizojikusanyia kwenye kadi zilifutwa, tiketi yake ikabatilishwa, akaambiwa asikanyage tena ndani ya ndege zao. Mama Costansia alirudishwa kiti cha kawaida, akaenda zake akinung'unika.

Mimi nikaenda stesheni.

Desemba, niliporudi Rugu kwa likizo, Gaudiosus alikuja nyumbani na baba yake mdogo, Mzee Ndyamukama. Waliketi sebuleni, wakapewa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Nikapiga magoti kuwasalimia kama ilivyo desturi.

"Waitu Rwegoshora," Mzee Ndyamukama alimwambia baba kwa heshima, "kijana wetu anakaribia kufukuzwa kazi. Mnunuzi asiyeweza kusafiri si mnunuzi. Lakini watu wa ndege wamelegeza. Binti akifika ofisini kwao Bukoba, akasema safari zote zile alikuwa yeye, na kwamba yule mama ilikuwa mara moja tu, kadi itarudi."

"Nami niseme nilisafiri?" niliuliza.

"Useme tu," alisema Gaudiosus. "Wivu wako ndio umetufikisha hapa, Deo. Sikuwa na mwanamke. Hata mmoja. Naapa."

"Najua."

"Basi kosa langu kwako ni lipi? Kile kiti kilikuwa kinakaa bure."

"Hakikukaa bure. Mimi nilikuwa kwenye treni."

Akainamia kikombe chake cha rubisi.

Nilimtazama, na wivu ule niliolala nao tangu ile Jumapili haukuwapo tena. Nilitamani urudi. Angempenda mwingine kuliko mimi, ningejua nilie nini. Kumbe nafasi ya mke wake ilikuwa bidhaa, na kila aliyekuja na fedha alikuwa anafaa kuitwa Deodatha.

Ninyi mnaosoma hapa, hasa mabinti wenzangu, msiulize tu kama mchumba ana mwingine. Ulizeni anaifanyia nini nafasi yenu mkiwa hampo.

Baba alikohoa. "Mwanangu, wageni wanangoja jibu."

Nikasimama.

"Baba, na wewe Mzee Ndyamukama, nisikilizeni. Bukoba sitakwenda kusema uongo. Ng'ombe wa mahari warudishwe kwao. Januari hakuna harusi."