Mbavu za Sindano

Ukitaka kumjua Fundi, usimtazame usoni, mtazame anavyokata kitambaa. Mteja akitaka shingo ya duara, Fundi anakata duara, hata kama shingo yenyewe ni fupi na mwenyewe atatoka pale kama kobe aliyechungulia. Akiambiwa mikono ya puto, anashona mikono ya puto. Miaka ishirini na miwili mama huyu alikaa barazani na cherehani yake, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema, "Hapana, hiyo haitakupendeza." Watu walimwita mpole. Upole gani! Alikuwa anaogopa kugombana, basi.

Kitu kimoja tu alikuwa nacho ambacho hakuagizwa na mtu, nacho ni mbwa. Alipewa na mjomba wake, mwindaji aliyefuga mbwa wa mbio maisha yake yote, wale wembamba wenye miguu mirefu na kifua kilichoshuka chini, ambao hawahangaiki kunusanusa njia bali huwinda kwa macho. Magoti ya mjomba yalipogoma, aliwagawa mbwa wake kwa watu aliowaamini, na mtoto wa mwisho, jike la rangi ya mchanga, akampa mpwa wake.

"Wewe ulikuwa unanifuata porini hata meno ya mbele hujaota," alimwambia. "Huyu hataki mtu mwenye nguvu. Anataka mwenye subira."

Fundi akamwita Sindano, kwa kuwa ukimtazama kwa mbele ulikuwa karibu huoni kitu.

Watu hudhani mbwa wa mbio hukimbia kutwa kucha. Wapi. Siku sita za wiki Sindano alilala chini ya cherehani juu ya vipande vya vitambaa, kidevu kwenye kisigino cha Fundi, akiamka kunywa maji na kugeuka ubavu. Watoto wa Fundi walikuwa wameshapata miji yao mbali, kwa hiyo siku nzima mama wa watu alizungumza na mbwa: kuhusu uzi uliopanda bei, kuhusu bibi harusi aliyeongezeka kiuno wiki moja kabla ya harusi. Kwa asubuhi za baridi alimshonea fulana nzito yenye vifungo mgongoni, na hiyo ilikuwa nguo pekee aliyowahi kuikata kwa mtindo alioutaka yeye.

Siku ya saba ilikuwa ya kazi. Jumamosi asubuhi walitembea hadi kwa mkulima wa maharage nje ya mji, ambaye sungura walikuwa wakimlia miche kama wameipanda wao. Kanuni ya kazi ile Fundi aliijua tangu utotoni: usimwachie mbwa kwa macho yako, mwachie kwa macho yake. Ukimfungua kwa sababu wewe umemwona sungura, naye hajamwona, atatimka mbele bila kujua anakwenda wapi, na shambani visiki ni vingi. Kwa hiyo unamshika ukosi, unanyamaza, unangoja masikio yasimame na mgongo uwe mgumu. Hapo ndipo unaachia.

Tabu ilikuwa nyumbani. Fundi alipanga vyumba viwili kwenye ua wenye wapangaji sita, na jirani yake, muuza mkaa, alikuwa na mdomo usiojua likizo.

"Fundi, huyo mbwa umemwanika?" aliuliza karibu kila siku. Au aliwaambia wateja, "Shoneni tu, lakini msiombe chakula hapo. Ana mkono wa birika, hata mbwa wake anakula nyuzi."

Fundi alicheka na wanaocheka, roho ikimuuma. Wahenga walisema kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi. Sawa, lakini ubaya ulikuja pale mwenye nyumba mwenyewe alipoamka.

Mwenye nyumba alikuwa nesi. Alipostaafu alirudi kuishi kwenye nyumba yake, na wiki ya kwanza tu akasimama mbele ya baraza, mikono kiunoni, akamtazama Sindano aliyekuwa amejinyoosha juani. Mbavu zilihesabika.

"Huyu unampa nini?"

"Anakula vizuri, Mama Nesi. Mbwa wa aina hii ndivyo walivyo."

"Ndivyo walivyo." Nesi alilirudia neno polepole. "Miaka thelathini na mmoja nimefanya kazi wodi ya watoto waliodhoofika kwa njaa. Unajua akina mama wangapi waliniambia hivyo? Mtoto mbavu nje, macho yamezama, mama anasema, ndivyo alivyo, nesi, hata baba yake ni mwembamba." Akamwonyesha Sindano kwa kidole. "Mpaka mwisho wa mwezi, Fundi. Anenepe au aondoke. Kwenye ua wangu hakikai kiumbe chenye njaa."

Hapa ndipo palipotakiwa neno moja tu. Fundi alijua, kama anavyojua upana wa kidole chake, kwamba mbwa wa mbio mwenye afya lazima mbavu za mwisho zionekane, na kwamba kumnenepesha ni kumharibu. Angeeleza. Angemwita mjomba aje aeleze. Badala yake ulimi ukafanya ulichozoea kufanya.

"Sawa, Mama," alisema, kana kwamba ameagizwa mikono ya puto.

Basi Sindano akalishwa. Uji mzito wa maziwa asubuhi, wali wenye mafuta jioni, na mchana mifupa ya supu. Mbwa gani atakataa? Mwisho wa mwezi mbavu zilikuwa zimezama, kiuno hakipo, na alikuwa akitembea anatikisika. Nesi alifika, akamkuna shingo na kusema, "Unaona? Ni kuwa na moyo wa kutoa tu." Muuza mkaa naye akatoa cheti chake. "Sasa huyo ni mbwa. Zamani ulikuwa unafuga kamba ya kuanikia nguo."

Fulana ikakataa kufunga. Fundi aliifumua mishono, akaongeza kipande kila upande, na alipokuwa akikishona alijisikia vibaya kama anayemshonea mtu sanda. Lakini alishona.

Jumamosi iliyofuata, shambani, sungura alichomoka kwenye matuta. Fundi akangoja, masikio yakasimama, akaachia. Sindano aliondoka kwa moyo uleule wa zamani na mwili ambao haukuwa wake. Sungura alikata kona ya kwanza, akakata ya pili. Kwenye ya tatu mbwa akalia, akaanguka, akabiringika, akainuka na miguu mitatu. Fundi alimbeba mabegani nusu ya njia, akilia waziwazi barabarani, wala hakujali nani anamwona.

Daktari wa mifugo alimpapasa paja. "Msuli umechanika. Utapona, lakini nani alikwambia umnenepeshe mbwa wa aina hii?"

Fundi akamvuta Sindano karibu.

"Ulikuwa unajua kwamba haifai?"

"Nilijua."

"Sasa?"

"Niliona aibu kubisha, daktari."

Daktari akafunga bendeji, akaikata ncha kwa mkasi. "Aibu ni yako, mzigo kaubeba yeye. Wiki tano asikimbie. Halafu umpunguze kabisa, la sivyo kitakachofuata ni mguu wa pili, au moyo."

Neno lile lilimwingia Fundi. Usiku halikutoka na asubuhi lilikuwa pale pale kwenye cherehani likimngoja. Siku hiyohiyo mteja mmoja mfupi alikuja akitaka gauni la tabaka nne za marinda. Fundi akasikia mdomo wake ukisema, "Dada, nne zitakumeza. Tufanye moja." Mteja alishangaa, akafikiri, akasema sawa. Fundi alishangaa zaidi kuliko mteja.

Wali ukakoma, mafuta yakakoma. Paja lilipopona wakaanza matembezi, kwanza hadi kwenye bomba la maji na kurudi, kisha hadi sokoni, kisha hadi mwisho wa mji. Ubavu wa kwanza ukachungulia, wa pili ukafuata. Wa tatu ulipotokea, Nesi naye akatokea.

"Fundi. Tulikubaliana nini?"

"Tulikubaliana vibaya, Mama." Akaweka mkasi chini. "Nilikuitikia wakati nilijua si sawa, na mbwa akaumia kwa ajili yangu. Simnenepeshi tena."

Muuza mkaa, aliyekuwa akipima mkaa hatua tano kutoka pale, aliacha kupima.

"Basi mtoe," alisema Nesi. "Mimi sababu nimezisikia miaka thelathini na mmoja. Naamini macho yangu."

"Njoo basi uyatumie. Jumamosi twende shambani umwone akikimbia. Ukirudi bado unasema ana njaa, nitamtoa kwa mkono wangu, wala sitanung'unika."

Fundi alipoingia ndani alikaa chini karibu na Sindano. Paja lilikuwa bado halijajaribiwa kwa mbio za kweli. Kama mbwa angechechemea mbele ya Nesi, amejimaliza mwenyewe, na Sindano angekwenda wapi? Mjomba hakuwa na magoti, watoto walikuwa mbali. Alimshika mbwa kichwa akamwambia, "Mwenzangu, nimekuponza tena." Sindano akapiga mwayo.

Jumamosi Nesi alikuja na mwavuli. Mkulima akamtolea kigoda, akaketi pembeni mwa shamba, mgongo umenyooka kama yuko zamu. Walingoja muda mrefu. Kisha matuta matano mbele yao majani yakatikisika na sungura akatoka.

"Yule pale," alisema Nesi, akisahau cheo. "Mwachie."

"Mwachie, anakwenda," alisema mkulima.

Sindano alikuwa akitazama upande mwingine kabisa.

"Bado," alisema Fundi.

"Fundi, anakimbia huyo."

"Bado, Mama."

Sungura alizidi kwenda. Fundi hakulegeza vidole. Ndipo kichwa cha mbwa kikageuka, masikio yakasimama, na mgongo ukawa mgumu chini ya kiganja. Akaachia.

Sindano alikwenda kama aliyekumbuka jambo. Mwili wote ulijikunja na kufunguka, ukajikunja na kufunguka, na zile mbavu zilizoleta maneno zilikuwa zikipanuka na kubana, zikivuta pumzi kwa ajili ya miguu minne. Kona ya kwanza, akaipata. Ya pili. Fundi alifumba macho kwenye ya tatu, na alipofumbua mbwa alikuwa angali anakimbia, paja linafanya kazi yake. Lakini sungura alikuwa ametangulia hatua kumi tangu mwanzo, akaingia kwenye kichaka cha miiba na huo ukawa mwisho.

"Amemkosa," alisema mkulima. Fundi hakuthubutu kumtazama Nesi.

Sindano alizunguka kichaka mara moja, akaona hakuna faida. Kisha, badala ya kurudi, akaanza kukimbia bure. Akazunguka shamba zima duara kubwa, ulimi nje, bila sungura, bila sababu, akaokota kijiti njiani, akakirusha mwenyewe na kukidaka, akaja nacho mbio hadi kwenye kigoda. Akakiweka miguuni pa Nesi, akainamisha kifua chini, makalio juu, akangoja.

Nesi alikitazama kile kijiti.

"Wodini tulikuwa na mpira," alisema taratibu. "Mtoto mwenye njaa ukimpa mpira anautazama tu. Haupigi. Kucheza ndiko kunakomtoka kwanza, hata kabla ya kilo. Mimi nilikuwa nikiona mmoja ameurusha ule mpira, naandika kwenye faili, huyu aende nyumbani. Daktari akibisha, namwambia, nenda kamwone."

Akainuka kwa kujishikilia kwenye mwavuli, akaokota kijiti, akakirusha. Kilifika karibu sana, maana mkono ulikuwa wa mtu mzima. Sindano alikifuata kwa mbio zake zote.

Nesi alijifuta macho kwa kiganja, bila kujificha.

"Mpeleke nyumbani, mwanangu," alimwambia Fundi.